Zabibu Zisizo na Vikonyo

Bi Mukarrama alikuwa na jibu moja kwa kila aliyemuuliza hali ya mumewe: "Tutaona." Bwana amelalaje? Tutaona. Amekula vizuri? Tutaona. Hata Fundi Yodgor mwenyewe akiwa amekaa mbele yako kwenye kitanda cha uani, chini ya mzabibu, anatafuna tofaa na kukukonyeza, mkewe angesema tutaona, kisha angegeuza uso na kutema hewani, tfu, tfu, ili wenye husuda wasije wakajua kwamba mtu wake anatafuna tofaa.

Nyumba yao na yetu zinashirikiana ukuta mmoja wa udongo, ndani ya Bukhara ya zamani, na ukuta ule haujawahi kuficha kitu. Tangu utotoni nilijua Fundi ameamka vizuri au vibaya kwa jinsi alivyokohoa. Alikuwa mpishi wa pilau za harusi. Kwetu wanaume huila pilau ya harusi asubuhi mapema, mara tu baada ya sala, kwa hiyo mpishi hutoka nyumbani watu wakiwa bado wanakoroma, na Fundi Yodgor hakuwahi kutoka kimya. Aliimba. Aligonganisha miiko. Aliuliza kofia yake imewekwa wapi, akaikuta kichwani, akalaani aliyeiweka huko, akatoka na kuacha mlango wa nje wazi. Bi Mukarrama ndiye aliyeinuka kwenda kuufunga, na maneno aliyoyasema njiani, kwenda na kurudi, mama yangu alikuwa akiniziba masikio nisiyasikie.

Majira ya baridi yaliyopita, baridi ikiwa imekaza hasa, Fundi alianguka kando ya sufuria la shaba katika ua wa watu, mwiko ungali mkononi. Moyo. Walimkimbiza hospitali, wakamtia waya mdogo kwenye mshipa, akarudi nyumbani amekonda, na daktari akampa maagizo. Atembee kila siku. Afanye kazi nyepesi. Apunguze mafuta ya mkia wa kondoo. Asinyanyue masufuria makubwa. Bi Mukarrama alilisikia hilo la mwisho tu, akalitandaza mpaka likafunika mengine yote.

Fundi hakunyanyua sufuria tena, wala birika, wala mto wake wa kulalia. Hakwenda sokoni. Hakwenda msikitini mpaka apatikane wa kumsindikiza. Mashine ya kupimia presha ikawa inalala juu ya meza ya chakula, katikati ya mkate na chumvi, na kila akishusha kibakuli cha chai mkewe alikuwa tayari ameushika mkono wake. Akiingia kuoga, Bi Mukarrama alisimama nje ya mlango.

"Baba Shuhrat! Uko hai?"

"Niko hai, Mama Shuhrat."

Maji yanamwagika.

"Baba Shuhrat?"

"Bado!"

Shuhrat ni mtoto wao wa pekee, anafanya kazi migodini huko Navoi, na alipiga simu kila jioni. Naye alijibiwa tutaona.

Sasa, kuna jambo ambalo mtaa mzima ulilijua. Fundi alipokuwa amelazwa, Bi Mukarrama aliweka nadhiri pale kwenye korido ya hospitali, mbele ya wanawake wawili wa mtaa waliokuwa wamemshika mikono: mume wangu akirudi mzima, nitamtandikia Bibi Mfungua Mashaka. Kwetu mtu akifunguliwa jambo lake huwaita wanawake siku ya Jumatano, hutandika kitambaa cheupe sakafuni na kumwaga zabibu kavu katikati. Hadithi ya Bibi huyo, walii wa wenye shida, husomwa, na wakati inasomwa kila aliyepo hunyofoa vikonyo vya zile zabibu. Kila kikonyo ni shaka moja linalotoka. Mwishoni mwenye nadhiri husema kwa kinywa chake ni lipi amefunguliwa, anashukuru, zabibu zinagawanywa, na vikonyo vinapelekwa kutupwa kwenye maji yanayotembea. Ni hayo tu. Asubuhi moja inatosha.

Lakini masika yalipita, matikiti yakajaa sokoni, matikiti yakaisha, na kitambaa hakikutandikwa.

Niliwahi kumuuliza. Bi Mukarrama anatarizi majoho ya harusi kwa nyuzi za dhahabu, na tangu macho yake yaanze kuchoka nimekuwa nikipita jioni, nikitoka kazini chuoni, kumtungia uzi kwenye sindano kadhaa za siku inayofuata. Hatukuwa na mazoea ya kuongea sana, na labda ndiyo sababu alinijibu.

"Nikitandika kile kitambaa, mwanangu, nitakuwa nimetamka kwamba yamekwisha," alisema bila kuinua kichwa. "Na yakisikia nimetamka hivyo, yatarudi kuangalia."

"Yapi, Bi Mukarrama?"

"Usiyataje."

Akaniomba uzi mwingine.

Ingekuwa jambo la kuchekesha kama Fundi asingekuwa ananyauka. Mwishoni mwa kiangazi walikuja wazee wawili wa mtaa kumwomba asimamie pilau ya harusi. Asishike kitu chochote, walisema. Akae kwenye kiti tu, awaelekeze vijana. Fundi alifungua mdomo kujibu, na jibu likatoka nyuma ya mlango: hawezi. Wazee wakaomba radhi, wakaenda zao. Nilimwona kupitia uwazi wa mlango wetu. Alikuwa ameketi vilevile, mikono juu ya magoti. Tangu siku hiyo hakukonyeza mtu. Alianza kulala mchana, uso ukutani, na upande wetu wa ukuta hatukusikia wimbo wala kikohozi. Ilisikika ile mashine tu, ikijaa upepo na kushuka.

Zulhumor, jirani wa ng'ambo ya kichochoro, ni mwanamke ambaye ulimi wake hauna kizuizi. Alimkuta Bi Mukarrama kwenye tanuri la mkate akamwambia mbele za watu, "Shoga yangu, ulimtoa hospitali ili uje umzike mwenyewe nyumbani?"

Bi Mukarrama aliondoka bila mkate wake. Na kesho yake Bibi Hamro, anayewaongoza wanawake wa mtaa katika mikusanyiko ya Jumatano, akafika kwake na fimbo yake, akakataa chai, akasema akiwa amesimama, "Jumatano hii."

"Bibi, labda tungojee kidogo tuone..."

"Ulipoomba hukusema ngoja tuone. Jumatano hii."

Bi Mukarrama aliogopa kushukuru, lakini kuvunja nadhiri aliogopa zaidi. Akakubali. Na kwa kuwa aliona jambo lenyewe ni kubwa, hakutaka zabibu za mitaani. Alipanda basi mpaka duka jipya la upande wa pili wa mji, akanunua zabibu za bei, za rangi ya asali, nene, zinazong'aa ndani ya pakiti iliyofungwa vizuri. Hakuna aliyezitazama mpaka Jumatano.

Tulikuwa wanawake saba. Fundi alikuwa ameamriwa akae chumba cha nyuma, kwa sababu wanaume hawakai kwenye jambo lile. Kitambaa kilitandikwa, mkate ukawekwa, halua, chai. Bibi Hamro aliwasha utambi na kulitaja jina la Bibi, na jina lile likishatajwa hakuna aliyeketi anayeinuka mpaka hadithi iishe. Anayetoka katikati hutoka na shaka la mwenzake. Macho ya Bibi Hamro hayasomi tena, hivyo kitabu nilipewa mimi. Nikafungua, nikasafisha koo, nikasoma sentensi ya kwanza, na mikono yote ikaingia kwenye zabibu.

Nilisoma ya pili. Mikono ilikuwa imesimama.

Zulhumor alikuwa ameinua zabibu moja karibu na jicho. Akaigeuza. Akaiweka, akachukua nyingine, akaigeuza nayo.

"Mukarrama."

"Nini? Soma, mwanangu."

"Asome nini? Vikonyo viko wapi?"

"Vikonyo gani?"

"Shoga, zabibu zako hazina vikonyo."

Mwanamke aliyekuwa karibu naye akavuruga lile fungu kwa viganja vyote viwili. Hakuna. Hata kimoja. Zilikuwa zimesafishwa kwa mashine, zimeoshwa, zimepakwa mafuta kidogo ili zing'ae. Tulizishika moja moja, na kila moja ilikuwa safi kama shanga.

Bi Mukarrama aliiokota ile pakiti tupu, akaitazama huku na huku.

"Nilinunua zilizo bora," alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Nilinunua zilizo bora kabisa."

"Bora za kutia kwenye keki," Zulhumor alisema. "Hizi unazila, huzifungui. Sasa tutoe nini hapa? Meno yetu?"

Mmoja akacheka, akajizuia. Bi Mukarrama alikuwa amebadilika rangi. Niliona anachokiona: jina limetajwa, utambi unawaka, na mikono ya wanawake saba haina la kutoa. Mashaka yake yako ndani, hayana pa kutokea.

"Zimeni utambi," akasema. "Nilijua. Nilisema tungoje. Zimeni!"

"Hauzimwi," Bibi Hamro akasema. "Keti. Unahitaji zabibu zenye vikonyo, basi. Siyo kiama."

"Nani akazilete? Hakuna anayeweza kuinuka!"

Mlango wa chumba cha nyuma ukafunguka kiasi cha pua ya mtu.

"Samahanini, mabibi," Fundi Yodgor akasema. "Sikuwa nasikiliza. Lakini naona mnahitaji mtu asiyeketi."

Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi niliisikia sauti yake ikiwa na kitu ndani.

"Hapana," Bi Mukarrama akasema.

"Soko si mbali, Mama Shuhrat. Ni pale kwenye kona mpaka..."

"Najua liko wapi! Hapana. Kuna jua, kuna magari, kuna watu wanaosukumana, presha yako leo asubuhi..."

"Presha yangu leo asubuhi uliisoma ukasema tutaona. Mimi niliisoma pia. Iko sawa kuliko ya kwako."

"Hapana, nimesema."

Wote tukamtazama Bibi Hamro, ambaye alikuwa akimega mkate vipande vidogo kwa sababu ya meno yake.

"Yodgor," akasema. "Zile nyeusi ndogo, zenye vumbi. Usilete zilizooshwa. Na usikimbie."

"Sikimbii, Bibi. Nimesahau hata inavyokuwa."

Akapita nyuma yetu, mgongo wake ukiwa umenyooka, akatafuta kofia, akaikuta. Bi Mukarrama alikuwa ameanza kuinuka. Bibi Hamro aliuweka mkono wake wenye mishipa juu ya goti la Bi Mukarrama, bila kumtazama, na mkono ule ulikuwa mzito kuliko unavyoonekana. Tulisikia viatu uani, tukasikia mlango wa nje. Kisha tukausikia ukigongwa na upepo. Alikuwa ameuacha wazi.

Nikauliza kama niendelee kusoma. Bibi Hamro akasema tunywe chai kwanza, hadithi haijawahi kumkimbia mtu.

Sijui ilipita muda gani. Chai ya kwanza ilinywewa. Ya pili. Kwenda sokoni na kurudi, kwa mtu mzima anayetembea taratibu, ni muda wa chai moja na nusu. Bi Mukarrama hakugusa kibakuli chake. Alikuwa anasikiliza kichochoro kwa mwili mzima. Gari la wagonjwa likapita barabara kuu, mbali sana, akashika koo.

"Mpigie simu," mtu akasema.

Nilimpigia mimi. Simu ikaanza kulia. Ililia chumba cha nyuma, chini ya mto.

"Kaiacha!" Bi Mukarrama akalia. "Ameiacha simu! Ameanguka mahali, na hakuna anayejua ni wa nani!"

"Mji mzima umekula pilau yake," Zulhumor akasema. "Akianguka watagombania kumrudisha."

"Usinichulie!"

"Sikuchulii, nakupa moyo."

"Huna moyo wa kumpa mtu!" Na hapo Bi Mukarrama akavunjika. Alilia kama mtoto, mdomo wazi, hata hakujifunika. "Hamjui. Hamjui nilichokifanya."

Zulhumor akaweka kibakuli chake chini.

"Ile asubuhi alitoka kama kawaida," akasema. "Kelele, miiko, kofia. Akaacha mlango wazi, na baridi ile, baridi ile mnaikumbuka. Nikaamka kuufunga. Nikasema kwa sauti, peke yangu pale mlangoni: Alhamdulillahi, ameondoka, angalau nyumba itulie. Nilishukuru! Nilishukuru kwamba ametoka. Nikarudi kulala, nikalala vizuri. Walikuja kuniamsha kuniambia ameanguka." Akajifuta uso kwa ncha ya kilemba. "Tangu siku ile neno hilo silitamki. Si kwa mkate, si kwa mvua. Naogopa kinywa changu."

Nilikitazama kitabu nilichokuwa nimekishika. Nilikuwa nimedhani ninamjua.

Zulhumor akamgeukia.

"We mwanamke," akasema taratibu. "Ndiyo hilo tu?"

"Ndiyo hilo tu?"

"Mie husema hivyo kila siku ya Mungu, mume wangu akitoka. Kila siku! Alhamdulillahi, nenda, nipumue. Nimesema hata leo. Na jioni anarudi vilevile, tena na njaa."

Mwanamke wa pembeni akaanza kutikisika mabega. "Wangu nikisikia pikipiki imewaka, naruka."

"Mimi huwa namfungulia mlango mwenyewe."

"Kama maneno hayo yangeua," Zulhumor akasema, "mtaa huu usingekuwa na mwanamume hata mmoja wa kusogeza kabati."

Walicheka mpaka halua ikamkwama mmoja wao, ikabidi apigwe mgongoni. Bi Mukarrama aliwatazama mmoja mmoja, machozi yakiwa bado kwenye kidevu, kama mtu aliyeambiwa kwamba ugonjwa anaouficha wanao wote. Bibi Hamro hakucheka. Alisema tu, huku akimega mkate, kwamba naye aliyasema maneno yale tangu harusi yake mpaka alipofiwa, na mumewe alikufa usingizini, siku ambayo walikuwa wamepatana vizuri. "Hayahusiani," akasema. "Kunywa chai yako."

Bi Mukarrama akashika kibakuli. Akanywa. Nadhani hakujua kwamba amekunywa.

Ndipo tukasikia viatu uani, na pumzi, na mtu akiimba ule wimbo wake usio na mwanzo.

Aliingia amejaa vumbi. Mkono mmoja ulikuwa na mfuko wa karatasi, mwingine mkate wa moto aliokuwa ameshaumega nusu, na paji la uso lilikuwa na jasho la mtu aliyetembea. Uso wote ulikuwa unawaka.

"Mabibi," akasema, "nimetukanwa!"

Akatafuna kipande cha mkate, akaendelea.

"Kijana mwenye baiskeli, pale kwenye kona. Nilisimama katikati ya njia naangalia mapeasi, akaja kasi, akaniambia we mzee, umenunua barabara? Akanitajia na ukoo wangu. Wallahi, tangu majira ya baridi hakuna aliyenitukana. Kila mtu ananisemesha kama anayesoma dua. Nikamjibu! Nikamrudishia ukoo wake mpaka babu wa babu. Watu wakasimama kusikiliza. Halafu yule muuza zabibu akanitambua, akaniuliza umekufa au hujafa, maana huku walisema umekufa. Nikamwambia nipunguzie bei basi, mimi ni marehemu..."

"Mlango!" Bi Mukarrama akasema.

Fundi akakatika katikati ya neno.

"Umeacha mlango wazi. Kwenda wazi, kurudi wazi. Paka wa mtaa mzima wataingia kwenye nyama yangu. Umezaliwa msikitini wewe, kwamba nyumba yako haina mlango?"

Sote tulisikia. Haikuwa ile sauti ya nje ya bafu, ile ya uko hai. Ilikuwa sauti ya zamani, iliyokuwa ikipita ukutani kwetu asubuhi, ile ambayo mama yangu aliniziba masikio nisiisikie. Fundi naye aliisikia. Akasimama pale na mfuko na mkate wake, akamtazama mkewe muda mrefu kidogo kuliko ilivyo desturi mbele za wageni.

"Naenda kuufunga, Mama Shuhrat," akasema.

"Na uoshe miguu."

Alipotoka, Bi Mukarrama aliuweka mkono kifuani, akashusha pumzi. Ilikuwa ndefu. Ilionekana kama pumzi aliyoivuta kwenye ile korido ya hospitali na hajaitoa mpaka leo.

Zabibu zilikuwa nyeusi, ndogo, zenye vumbi, na vikonyo vyake vilikuwa vingi kuliko zabibu zenyewe. Zulhumor alipiga kofi la furaha. Zile za asali zilisukumwa pembeni zikawa za kulia chai. Nikarudi mwanzo wa hadithi, nikasoma vizuri safari hii, na chini ya sauti yangu kulikuwa na ule mlio mdogo wa vikonyo vikikatika, mfululizo, kama mvua nyepesi juu ya majani. Nilipofika mwisho mikono ya Bi Mukarrama ilikuwa imechafuka mpaka kwenye kucha, na mbele yake fungu la vikonyo lilikuwa kubwa kuliko la yeyote.

"Sema," Bibi Hamro akamwambia.

Ni hapa ambapo wenye nadhiri husema maneno makubwa. Nimewasikia. Nimeponyeshewa mume, nimerudishiwa uhai, nyumba yangu imesimama tena. Bi Mukarrama alifungua mdomo, akaufunga. Nilimwona akilitazama lile neno kubwa, likiwa mbele yake, na bado hawezi kulishika. Kesho ingekuwaje? Mwezi ujao? Nani angemhakikishia?

"Leo ameenda sokoni," akasema hatimaye. "Amerudi." Akavikusanya vikonyo vyake. "Alhamdulillahi kwa hilo."

Alisubiri. Hakuna kilichoanguka. Uani Fundi alikuwa akimwaga maji miguuni na kuimba.

"Nyingine sijui," akaongeza haraka, akimtazama Bibi Hamro kama mwanafunzi. "Ya kesho sijui. Naweza kusema ya leo tu. Inafaa?"

"Nani amekwambia ushukuru ya kesho?" Bibi Hamro akasema. "Ya kesho bado hujapewa." Akajipangusa makombo mapajani. "Nipeni fungu langu, miguu imekufa ganzi."

Zabibu ziligawanywa. Wanawake waliondoka mmoja mmoja, Zulhumor akiwa wa mwisho, na pale mlangoni akambusu Bi Mukarrama mashavu yote mawili bila neno la kejeli, jambo ambalo sikuwahi kuliona kabla. Mimi na Bi Mukarrama tukavifunga vikonyo kwenye kitambaa tukavipeleka kwenye mfereji. Maji yalikuwa kidogo, ya vuli, lakini yalikuwa yanatembea. Alivitupa vyote mara moja, akakung'uta kitambaa, na nikadhani tutarudi mbio kama anavyorudi kila safari, huku ameshika shuka lake kifuani.

Hakurudi mbio. Alisimama kwa muuza nyuzi akauliza bei ya dhahabu nyembamba, akaikataa, akaenda, akaitwa, akarudi. Alimsikiliza mke wa kinyozi akimweleza mambo ya binti yake kutoka mwanzo. Alipita mbele ya duka la birika, akachungulia ndani, bila haja yoyote. Jua lilikuwa limeshuka likagusa kuta na kuzifanya rangi ya mkate. Nilimkumbusha kwamba tumekaa sana.

"Yupo nyumbani," akasema. "Ni mtu mzima."

Tulipoingia uani, Fundi Yodgor alikuwa ameketi kwenye kigoda, mikono ya shati ameikunja, na mbele yake kulikuwa na beseni la karoti. Sufuria dogo la nyumbani lilikuwa mekoni. Aliposikia hatua zetu alishika kisu bila kukata, akamtazama mkewe kutoka chini kama mtu aliyekamatwa.

Bi Mukarrama alisimama. Mashine ya presha ilikuwa mezani, palepale ilipoachwa asubuhi, na niliona macho yake yakienda huko. Yakarudi. Akavua shuka, akalitundika, akavuta kigoda cha pili, akaketi upande wa pili wa beseni. Akaokota kipande kimoja cha karoti alichokikata mumewe, akakiinua kwenye mwanga.

"Nene mno," akasema.

"Nene?" Fundi akasema. "Miaka yote hii mji unakula, leo ndiyo nene?"

"Nene. Kama kuni."

"Basi kata wewe."

"Nipe kisu."

"Tafuta chako!"

Nikawaaga. Sidhani kama walinisikia. Nilitoka, nikaurudishia mlango taratibu nyuma yangu, na kwa upande wetu wa ukuta niliendelea kuwasikia wakibishana kuhusu karoti mpaka harufu ya kitunguu ilipoanza kupanda.